Niliapa Bungeni, Nikaachika Palepale

"Ukiushika tu ule msahafu ukaapa mbele ya Bunge, talaka yako imepita."

Maneno ya mume wangu Isihaka hayo, nikiwa nafunga sanduku kwenda Dar es Salaam kuapishwa...

Ni mwaka 1970, ndugu zangu. Mimi Mwaisha wa Magomeni, Mtwara, nimemshinda mwanamume kwenye kura.

Nikadhani anatania.

"Si wewe uliyeniruhusu kugombea?"

"Nilijua utashindwa."

Akatoka zake. Nikakaa juu ya sanduku.

Aliyeniinua ni shoga yangu Sharifa. Kampeni yote tulizunguka naye, Ziwani mpaka Msimbati, tukilala mkeka mmoja.

"Nenda kaape, dada," akaniambia huku akinifuta machozi. "Watu wamekuamini. Huyo hasira zitamwisha."

Nikapanda meli nalia.

Ukumbini tukaitwa mmoja mmoja. Mtu anakwenda mbele, anaapa, Spika anampa mkono, makofi. Mimi kila jina likitajwa, naomba langu lisifike.

"Mheshimiwa Mwaisha Abdulrahmani."

Sikuinuka.

Katibu akarudia. Watu wakaanza kugeuka kunitazama...

Nikawakumbuka kina mama wa Msimbati wanaojifungulia njiani kwa kukosa zahanati. Ningerudi kuwaambia nini? Kwamba mume alikataa?

Nikaenda. Nikaushika msahafu. Nikaapa kuwa mwaminifu kwa Jamhuri, nikamalizia "Ewe Mwenyezi Mungu nisaidie".

Wakanipigia makofi. Hawakujua wanampigia mtalaka.

Nikarudi Mtwara nimeshajiandaa kumpigia Isihaka magoti. Talaka ilikuwa moja, na eda haijaisha. Akitaka, atanirejea.

Nikabisha hodi nyumbani kwangu.

Akafungua Sharifa. Mikono yote hina.

"Karibu, Mheshimiwa."

Isihaka alikuwa nyuma yake, anatazama chini.

"Mmeoana lini?" nikauliza.

Akajibu Sharifa.

"Kabla hujapanda meli. Tulifungishwa ndoa Mikindani. Ila nilimwambia mapema, uke wenza siuwezi."

"Na machozi yangu ukayafuta?"

"Ulitakiwa uende, dada."

Hapo ndipo nilipoelewa. Isihaka hakutaka mji useme amemwacha mke asiye na kosa. Akanitafutia kosa. Mmoja akanikataza kwa ukali, mwenzake akanisukuma kwa upole, na wote walikuwa wananipeleka mlango mmoja.

Sikupiga magoti. Nilichukua nguo zangu nikaenda kwa mama.

Zahanati ya Msimbati niliipigania mpaka ikajengwa. Lakini mpaka leo wapo wanaosema Mwaisha aliuza ndoa kwa ubunge, na Sharifa husalimiwa kama mke aliyemsitiri mwanamume wa watu.

Wadogo zangu, anayewazuia mnamwona. Mchunguzeni na anayewaambia nendeni... akibaki nyuma, anabaki na nini?