Kufuli Chini ya Kiti cha Babu

Nani aliwadanganya kwamba mizimu hungoja giza? Haya yalitokea Jumapili mchana kweupe, jua la kupasua utosi, nguo zimeanikwa uani kwa jirani na watoto wanacheza mpira chini ya dirisha. Mwenyewe yaliyompata yu hai. Duka lake la kushona linatazamana na langu, na anayebisha aende akamuulize.

Ukimkuta kazini, pini mdomoni, anapima kiuno cha bibi harusi, utadhani hajawahi kumkemea hata paka. Thubutu! Jioni alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki nzito, ule muziki wa magitaa yanayonguruma na sauti ya kupasua koo. Wenzake walimwita Mkwaruzo. Bendi yenyewe iliitwa Kutu, na haikuwa na pa kujishikiza. Redio hazikuitaka, kumbi hazikuitaka, na wenye nyumba ndio kabisa. Walifukuzwa kwenye gereji, wakafukuzwa kwenye stoo ya mbao, wakafukuzwa hata kwenye ukumbi wa karate.

"Watu wanaopigana mateke walisema sisi ndio wenye fujo," Mkwaruzo hunisimulia, akicheka mpaka machozi.

Lakini walitaka kutoa santuri yao, fupi tu, nyimbo nne, waisambaze wenyewe mkono kwa mkono. Ndipo akaenda kwa mama yake mdogo kuomba ufunguo wa nyumba ya marehemu babu. Nyumba ilikuwa tupu siku nyingi. Wapangaji waliingia wakitoka, hakuna aliyemaliza mwezi.

Mama mdogo alimkazia macho. "Mwanangu, nyumba ile haipendi kelele."

"Basi itazoea, mama."

Ukoo mzima ulijua habari za babu yule. Alitaka kimya. Sahani ziliwekwa juu ya kitambaa zisigonge meza, watoto walicheka wameziba midomo, na yeye alikaa sebuleni kwenye kiti chake cha mbao, kiti ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Bibi, kabla ya kuolewa, alikuwa mwimbaji wa harusini, sauti yake ikisikika mitaa miwili. Ndani ya ndoa aliimba mara moja tu, akifua. Kesho yake aliamka bubu. Madaktari walimulika koo, hawakuona kitu. Mzee akafa, akazikwa, na bibi bado hakutamka neno. Watu wakanong'ona kwamba mzee alikwenda kwa mganga akaifunga sauti ya mkewe kwa kufuli. Kufuli lenyewe hakuna aliyewahi kuliona.

Mkwaruzo alilelewa na bibi huyo. Alijifunza kushona kwa kutazama mikono yake, maana maelekezo hayakuwapo. Sasa jiulize mwenyewe kwa nini binti huyu alipokua alichagua muziki wa kupiga makelele.

Basi Jumapili hiyo walifika wanne. Mkwaruzo mwenyewe; mpiga gitaa, ambaye kazi yake ni mchomeleaji, waliyemwita Fundi Geti; mpiga dramu, ambaye ni muuguzi, waliyemwita Nesi tu; na fundi wa kurekodi, kijana mmoja mwoga lakini hodari, waliyemwita Masikio. Walitundika mablanketi madirishani, wakapanga vipaza sauti. Kiti cha babu kilikuwa pembeni, kikitazama ukuta. Waliachana nacho.

Masikio alikuwa na desturi ya kazi yake. Kabla ya muziki wowote hurekodi kwanza ukimya wa chumba, apate wa kuunganishia wimbo na wimbo. Kila chumba kina ukimya wake, husema.

"Jamani, naombeni kimya," akasema, akabonyeza.

Walisimama hivyo, pumzi wamezibana. Makosa yalianzia hapo. Nyumba ile iliombwa kitu inachokipenda kuliko vyote.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili waya mnene wa gitaa ulikatika, Fundi Geti akabadilisha huku akilaani waliomuuzia. Katika wa tatu Mkwaruzo alihisi koo linambana, si kama mafua, kama vidole. Alikaza akafika mwisho. Akageuka kuomba maji, na hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Pumzi tupu.

"Umejichosha," Nesi alisema, akamshika shingo akimchunguza. "Pumzika kidogo."

Wakati huo Masikio alikuwa akikagua kazi. Akafikia ule ukimya wa mwanzo. Wote walimwona akivua vipokea sauti vya masikioni polepole, kama mtu anayeweka yai mezani.

"Nani alikuwa amekaa pale?" alinong'ona, akionyesha kiti.

Hakuna aliyekuwa amekaa. Wakasikiliza mmoja mmoja. Kulikuwa na pumzi, nzito, ya mzee anayepumulia puani. Kisha neno moja. *Nyamazeni.*

Walipotazama tena, kiti hakikutazama ukuta. Kilimtazama Mkwaruzo.

Fundi Geti ndiye aliyekipindua. Chini ya kikalio palipigiliwa kufuli dogo, la ukubwa wa kidole gumba, limefungwa, limeota kutu. Tundu la ufunguo lilikuwa limezibwa kwa nta.

"Kumbe kweli," Nesi alisema.

"Kufuli? Mbele yangu mimi?" Fundi Geti akacheka, japo kicheko hakikufika machoni. Akatoa mashine yake ya kukatia vyuma. Jiwe la kukatia likapasuka. Akafunga jingine. Likapasuka nalo. Kufuli halikuwa na hata mkwaruzo, na lilikuwa baridi kiasi kwamba liliunguza mkono.

"Tuondoke," Masikio akanong'ona. "Nyimbo tatu zinatosha."

Mkwaruzo aliogopa. Hajawahi kunificha hilo. Alijiona mzee, pini mdomoni, akiwaitikia wateja kwa kichwa mpaka siku anazikwa, kama alivyomwona bibi akiitikia dunia maisha yote. Na kutoka ndani ya hofu hiyo zikapanda hasira. Akachomoa chaki yake ya kukatia nguo, akaandika ukutani kwa herufi kubwa kama mlango: NNE. Kisha akatoka, akiwa na mwendo wa mtu aliyeibiwa na anayemjua mwizi.

Alirudi na bibi.

Mama mdogo alikuwa nyuma yao, anavuta gauni la mama yake. "Mama, usiingie. Mama, nakusihi." Bibi hakugeuka. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga kizingiti kile. Aliingia, akakitazama kiti kilichopinduliwa, akaashiria kisimamishwe. Kiliposimamishwa, akakikalia. Alikaa akaenea, akapiga mikono ya kiti kwa viganja vyote viwili, akawatazama vijana. Macho yake yalisema: pigeni.

Wakaanza wimbo wa nne.

Nje watoto waliacha mpira. Hakuna aliyewaambia. Mkwaruzo akafungua kinywa. Kimya. *Nyamaza.* Safari hii neno halikutoka kwenye mitambo. Lilikuwa chumbani. Gitaa likazima, na nyaya zote zilikuwa nzima. Nesi alipiga dramu kwa nguvu zake zote, jasho likimtiririka, vijiti vikishuka na kupanda. Havikutoa sauti. Hata kidogo. *Nyamaza.* Kiti kikaanza kutetemeka chini ya bibi. Mama mdogo alikuwa akilia, na kilio chake hakikusikika.

Bibi akainua mguu. Akaushusha sakafuni.

Paa!

Hiyo ikasikika.

Paa! Paa! Kinywa chake kikafunguka. Kwanza ilitoka sauti ya geti lisilofunguliwa miaka. Ikakwama. Akasukuma tena, mishipa imemtoka, macho yamemtoka.

"SINYAMAZI!"

Na koo la Mkwaruzo likaachia. Sauti yake ikatoka kama maji ya bomba lililozibuliwa, ikaikuta ya bibi, zikapanda pamoja. Gitaa likarudi. Dramu zikarudi. Mablanketi yalidondoka madirishani, na hakuna aliyejali. Waliupiga wimbo ule mpaka mwisho, bibi akipiga mguu, haujui wala hahitaji kuujua. Kitu kidogo cha chuma kikaanguka sakafuni chini ya kiti. Kufuli lilikuwa wazi.

Walicheka, walilia, walikumbatiana. Masikio peke yake ndiye aliyekumbuka kazi. "Ukimya wa mwisho," alisema. "Samahani, bibi. Naombeni kidogo tu."

Wakatulia. Katika utulivu huo bibi aliinama, akaokota kufuli, akaligeuzageuza kiganjani kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Akalifunga. Tiki.

Hivyo ndivyo santuri ilivyokwisha, na hivyo ndivyo ilivyotoka, hawakukata kitu. Bibi siku hizi anaongea kupita kiasi, anagombana na mchuuzi wa maji, na kufuli liko kwenye mkoba wake pamoja na pipi za kulainisha koo. Nakala yangu ninayo hapa dukani. Wimbo wa nne unakwisha, ukimya unaingia, tiki, na baada ya tiki unasikia kinywa cha mtu kikifunguka na kufungika, ana pumzi ile ile nzito ya puani lakini hana sauti, kisha kucha zinakwaruza mbao.

Santuri haibadiliki, wote tunajua. Lakini ilipotoka kucha zile zilikwaruza kwa nguvu. Sasa zimelegea. Kila mwezi zinalegea. Mimi hupenda kuizima pale kwenye tiki, na kila nikiizima bibi yuko mlangoni, sijui hufika saa ngapi.

"Mwanangu, mbona unazima?" husema. "Ongeza sauti. Nataka nimsikie vizuri."