Révérien Alimuandikia Muzungu

—Soma tena pale, Révérien alisema. Pale pa mugongo.

Gloriose, mwenye kuimba, alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Mu répétition yote ya kundi yao ya muziki, kule Kasenga, bantu balikuwa bameshika matumbo. Muzungu mumoja wa Ubelgiji alisikia wimbo yao ku Internet, akaiandikia maneno mingi mu Kiflama, na telefone ya Donatien ikageuza yote Kiswahili. Lakini Kiswahili ya mashini, bana, ni sawa mulevi mwenye kuvaa suti. Jean-Berchmans, mwenye sauti ya chini, mashini ilimuandika kama "ana mimba ya miezi mingi na anaibeba kwa heshima". Mutu muzima, baba wa batoto saba. Banamuita mama mpaka leo.

Donatien, mupiga gitaa, akasoma tena: "Gloriose ana koo la mbuzi safi. Anapanda mgongo wa mpiga gitaa bila viatu, na hao wawili wanakwenda mahali ambapo mume hana ufunguo."

Kicheko ikaanza upya. Révérien peke yake hakucheka. Yeye ni fundi wa pikipiki, muchumba wa Gloriose. Siku ya posho, njo Jumamosi, baba zake badogo bangetoa ng'ombe Luberizi, baipeleke kwa bakwe, Rugenge. Mahari yenyewe. Na sasa hii mambo ya ufunguo.

Mu njia ya kurudi, Gloriose alimuambia mashini inadanganya, kila mutu anajua.

—Juu ya mimba, ndiyo, inadanganya, Révérien alisema. Lakini yule muzungu hamujue Donatien, na weye hakujue. Aliona nini?

—Hakuona kintu. Alisikia.

—Basi minye niko kiziwi?

—Unaniuliza minye?

Wivu ni sawa samaki ya ndagala mubichi: unaweza kuificha ndani ya sanduku, lakini siku mbili tu nyumba yote inajua. Révérien alianza kukumbuka. Donatien alimubebea Gloriose kiti. Donatien anajua saa gani Gloriose atavuta pumzi. Mutu anajuaje pumzi ya muchumba ya mwenzake? Alikuwa anafungua moteri na kusahau vis za kuikaza fasi gani ameziweka.

Akafanya makosa mbili. Ya kwanza, aliita baba mudogo ku telefone, akamuambia ng'ombe ikae kwanza kule kule. Ya pili, aliandika chini ya maneno ya yule muzungu, fasi bantu bote banasoma, kwa Kiswahili ya hapa kwetu, yenye hakuna mashini inaijua: aachane na bibi ya bantu, ng'ombe iko tayari, na kama Donatien ameshakula kintu, atatapika. Hakuweka jina yake. Akaachia mashini ipeleke.

Habari ya ng'ombe ilifika Rugenge mbele ya jioni. Message ya Gloriose ikaingia: "Umefunga ng'ombe juu ya telefone ya Donatien? Sawa. Na minye nimefunga mulango. Usikuje."

Kesho yake muzungu akajibu. Révérien alisoma akikaa juu ya pneu ya pikipiki:

"Mpendwa mchungaji, asante kwa kuniuzia ng'ombe, lakini naishi ghorofa ya nne. Pole kwa tumbo la Donatien. Nina miaka sabini na nne. Mke wangu alikufa mwezi wa tatu. Nauwasha wimbo huu mbele ya kiti chake. Swali moja tu. Mwisho kabisa, gitaa likinyamaza, mwanamke huyu anasema jina kwa sauti ndogo: Révérien. Ni nani? Namwonea wivu kama sufuria."

Révérien alizima pikipiki ya mukiliya mwenye kuleta kazi, akafungua wimbo, akaweka telefone ku sikio. Dakika ine na kitu. Gitaa ikamalizika, sauti zote zikakwisha, akafikiri ni yote. Halafu Gloriose akamuita jina, polepole, sawa mutu anafunika mutoto kitenge.

Alifika Kasenga na mikono ya mafuta. Kundi yote ilikuwa pale.

—Unatafuta nani? Gloriose aliuliza.

—Donatien kwanza.

Akamuomba Donatien musamaha mbele ya bote. Donatien akasema yeye tumbo yake iko muzuri, asante. Gloriose hakutabasamu.

—Wimbo iko na miezi tano mu telefone yako, alisema. Nilikuwa nangoja uniulize neno moja tu. Muzungu mwenye kufiwa njo aliuliza.

—Nilikuwa naifunga mbele ya mwisho. Bakiliya balikuwa banangoja.

—Bakiliya.

—Ndiyo. Sina neno ingine, Gloriose.

 Gloriose akamuambia aite baba mudogo hapa hapa, bote basikie. Révérien akaita. Kule Luberizi muzee akamutukana kwanza, vizuri kabisa, kisha akakubali siku ya posho.

—Sasa jibu yule muzee wa Ubelgiji, Gloriose alisema. Sema, Donatien aandike kwa Kifaransa. Mashini ikae pembeni.

Banaume babili bakakaa ku banc moja, bega kwa bega.

—Niandike nini?

—Andika ng'ombe haiuzwe.

—Tayari. Na nini tena?

Révérien aliangalia Gloriose, mwenye alikuwa anakunywa maji, mugongo kwao, sawa hasikie.

—Andika Révérien njo minye. Na umuambie asinionee wivu. Yeye njo alianza kumusikia, mbele yangu.