Visoda Ishirini

Kengele ya usafi ilipogongwa saa nane mchana, Vaileth na Mwanaheri walichuchumaa nyuma ya darasa la sita, kama walivyofanya tangu Jumatatu. Mwanaheri akamwaga visoda ishirini, vifuniko vya chupa za soda, kwenye sakafu. Wiki hiyo zamu ya vyoo vya wasichana ilikuwa yao. Walikubaliana kwamba atakayeshindwa mchezo achote ndoo sita za maji kwenye bomba la getini na kusugua vyoo. Mshindi angefagia kibaraza tu.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Kila mmoja, kwa zamu yake, alichukua kisoda kimoja, viwili au vitatu. Aliyechukua cha mwisho ndiye aliyeshinda.

"Anza wewe," alisema Vaileth.

"Kila siku mie! Leo anza wewe."

"Haya." Vaileth akaingiza mkono mfukoni. "Ngoja, hiki nimekiokota sasa hivi getini. Tukiongeze."

Vikawa ishirini na moja. Vaileth akachukua kimoja. Mwanaheri akachukua vitatu, Vaileth kimoja. Mwanaheri viwili, Vaileth viwili. Wakaendelea hivyo mpaka vikabaki vinne, na zamu ni ya Mwanaheri. Alivitazama kwa muda, akachukua kimoja. Vaileth akazoa vitatu vilivyobaki.

"Mara ya nne hii!" Mwanaheri alishika kichwa. "We Vai, una dawa?"

"Bahati tu, shoga yangu."

Haikuwa bahati. Jumapili Vaileth alikaa na daftari lake la hesabu akacheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Aliona kwamba mtu akiachiwa visoda vinne, ameshakwisha. Akichukua kimoja, wewe unamalizia vitatu. Akichukua viwili, unamalizia viwili. Akichukua vitatu, unamalizia kimoja. Basi kazi ni kumwachia mwenzako vinne. Ili umwachie vinne, kwanza umwachie vinane, na kabla ya hapo kumi na mbili, kumi na sita, ishirini. Kwa visoda ishirini, anayeanza hana njia, mradi mwenzake asikosee. Na Mwanaheri akikataa kuanza, kisoda kimoja cha akiba mfukoni kinarekebisha mambo.

Vaileth alifurahia ugunduzi wake. Lakini alipomwona Mwanaheri akiburuta ndoo ya sita, sketi imelowa mpaka magotini, macho yake yakahamia kwenye ufagio.

Walipomaliza kazi, Mwanaheri alikwenda ofisi ya walimu. Alirudi ameinamisha kichwa.

"Nimemwambia Mwalimu Anjelina afute jina langu kwenye netiboli."

"Kwa nini? Mechi si keshokutwa?"

"Mie nina nuksi, Vai. Siku nne sijashinda hata mara moja! Nikicheza Jumamosi nitawaponza wenzangu. Utafunga wewe. Wewe una bahati."

Mwanaheri ndiye aliyekuwa mfungaji hodari kuliko wote shuleni. Vaileth alikuwa wa akiba, na tangu mwaka jana alitamani kuanza mechi hata moja. Sasa nafasi hiyo aliipata, na hakujua aiweke wapi.

Jioni, nyumbani kwao Manzese, sahani yake ya wali na kisamvu ilipoa mbele yake. Mama yake, ambaye alifanya kazi katika maabara ya zahanati, alikuwa anachambua maharage ya kesho.

"Una homa?"

"Hapana, mama."

"Umepigwa?"

"Hapana."

"Basi umefanya jambo. Sema."

Vaileth akasema yote. Mwisho akajitetea, "Lakini sikumwibia, mama. Nilitumia akili tu."

"Ulimwambia ni bahati?"

"Ndiyo."

"Ni bahati?"

"Siyo."

"Na kile kisoda cha mfukoni, kweli ulikiokota getini leo?"

Vaileth alitikisa kichwa.

"Basi umedanganya mara mbili," alisema mama. "Kesho asubuhi utamweleza, na utamweleza mwalimu."

"Mama, si umpigie wewe mwalimu?"

"Mimi ndiye niliyecheza visoda? Kula, chakula kinapoa."

Ijumaa asubuhi, kabla ya mstari, Vaileth alimvuta Mwanaheri nyuma ya darasa na kumwonyesha siri yote, kisoda kwa kisoda. Mwanaheri alimtazama kama mgeni.

"Ndoo ishirini na nne, Vaileth! Bega linaniuma mpaka leo, na we unaniangalia tu?"

"Nisamehe."

"Panga visoda. Uanze wewe."

Vaileth alianza, akashindwa. Wakarudia, akashindwa tena. Mwanaheri hakucheka. "Kumbe hakuna nuksi," alisema polepole, akifuta machozi kwa kiganja. "Twende kwa mwalimu."

"Shikamoo, Mwalimu," walisema pamoja.

"Marahaba. Mbona sura hizo?"

Mwalimu Anjelina alimsikiliza Vaileth mpaka mwisho. Hakufoka.

"Hesabu yako ni nzuri. Ungeileta darasani ningekusifu mbele ya wote," alisema. "Lakini mwenzako alishindwa kwa sababu hakujua ulichokijua, nawe ukamwacha aamini kwamba ana kasoro. Bega litapona. Mtu akishaamini ana nuksi, anaacha hata yale anayoyaweza. Ukijua kitu, kifundishe, au shinda nacho bila kudanganya. Usikifiche halafu ukakiita bahati. Leo maji na vyoo ni kazi yako peke yako."

"Sawa, Mwalimu."

"Mwanaheri, unacheza?"

"Nacheza, Mwalimu."

Mwalimu akaandika jina lake upya, na Vaileth akarudi kwenye akiba.

Jumamosi, mpira wa kwanza wa Mwanaheri uligonga chuma ukaanguka nje. Wa pili vilevile. Alisimama, mikono kiunoni, uso umeanza kubadilika.

Vaileth aliruka kutoka kwenye benchi. "Unarusha chini! Inua mikono zaidi!"

Mwanaheri alimtupia jicho. Mpira ulipomfikia tena, aliinua mikono zaidi, akarusha. Ukaingia.