Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Foleni ya duka la fotokopi mkabala na chuo ilikuwa imefika barabarani, na mashine imekwama. Fundi alikuwa ameinama, mikono myeusi kwa wino, aliposikia sauti juu ya kichwa chake.

"Kaka, hiyo unaitengeneza au unaiombea dua?"

Akainua macho. Gauni la manjano, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Naibembeleza, dada. Haipendi watu wenye haraka."

Tangu siku hiyo binti hakukosa ukurasa mmoja wa kuchapisha, hata usiohitajika. Alikuwa akisomea ugaidi: kwa nini vijana hujiunga na makundi yale, na nini huwarudisha nyumbani.

"Uzuri wote huo unasomea mabomu?" fundi alimtania.

"Nasomea watu, mpenzi. Mabomu hayajibu maswali."

Jambo moja tu lilimkera fundi. Simu ya binti ikiita, mara nyingine hutoka nje kuipokea.

"Nani huyo?"

"Mtu wa utafiti. Jina siwezi kukutajia, niliahidi."

Mama yake fundi alikwishaambiwa habari za binti, na alikuwa akipiga rangi chumba cha mkwe.

Basi binti akaleta kitabu chake cha utafiti kitolewe nakala na kujalidiwa. Mashine ikakwama ukurasa wa arobaini na mbili. Fundi akauchomoa, macho yakaangukia katikati: *Niliapa mbele yao. Nilibeba begi nikijua kilichomo. Sikumwaza mama yangu.*

Binti mwenyewe anakiri! Kumbe ndizo simu zile!

Hapo ndipo vijana wetu wanapoharibu. Mdomo anao, simu anayo, badala ya kuuliza ananuna. Siku tisa binti anapiga, yeye anaitazama simu ikiita mpaka inachoka. Duka kafunga, karatasi kazifungia kwenye droo.

"Umegombana na mwenzio?" mama yake akamuuliza.

"Mama, humjui yule."

"Wewe unamjua? Umemuuliza nini, akakujibu nini?"

Asubuhi fundi akafungua duka, akafungua na droo, safari hii akaanza ukurasa wa kwanza. Wa sita ulisema wazi: maneno ya waliohojiwa yameandikwa kama walivyoyatamka, na majina yamefichwa kwa ahadi. Akasoma mpaka mwisho, wateja wakigonga kaunta. Mwishoni binti alikuwa ameandika kwamba wengi wa aliowahoji walirudi kwa sababu kuna mtu nyumbani hakuacha kupokea simu zao.

Akaitazama yake. Mara kumi na saba hakupokea.

Akatoa nakala tano, akazijalidi, akazibeba kifuani, akapiga.

"Haloo." Sauti kavu. "Kitabu changu kiko wapi? Kesho nakabidhi."

"Nisamehe, mpenzi. Nilisoma wa arobaini na mbili, nikadhani ni wewe uliyebeba begi."

"Ukaruka kurasa arobaini na moja?"

"Niliruka."

"Mimi nazungumza na waliobeba mabegi, nawasikiliza mpaka mwisho. Wewe mimi ukashindwa kuniuliza swali moja?"

"Ninalo sasa. Niko mlangoni kwenu."

Mlango ukafunguka. Gauni lile lile la manjano, macho mekundu. Akazipokea nakala, akaziweka chini.

"Haya. Uliza."

Akauliza. Na binti, kabla fundi hajamaliza swali, alikwishakubali.

Siku hizi mkewe akimpigia simu, fundi huiacha mashine ikwame, akapokea.