Maombi Yaliyokwenda Busi

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, shangazi Violeth alikuwa ameshawasha jiko la mkaa barazani. Nikiwa kitandani nilisikia mafuta yakichemka na maandazi yakitumbukizwa. Halafu mlango wa chumba changu ulifunguliwa kidogo, mkono ukapitisha maji, vidonge na kikombe cha uji.

"Meza kwanza, Evodia. Uji baadaye."

Nilikuwa na kifua kikuu. Kilianza na kikohozi, nikakonda hadi sketi ya shule ikawa inaporomoka kiunoni. Siku ya kwanza ya dawa mkojo ulitoka mwekundu, nikapiga yowe nikidhani ndiyo basi tena, nakufa. Nesi alicheka, akasema ni rangi ya dawa tu. Baadaye alipima makohozi yangu, akatuambia, "Sasa huyu hamwambukizi mtu. Ila dawa asikatishe mpaka niseme mimi."

Nilifurahi, nikajua nitatoka nje. Wapi! Shangazi hakutaka mtu ajue. Tuliishi kwa maandazi yale, na aliogopa kwamba wateja wakisikia neno kifua kikuu watakimbia. Kwa hiyo mtaa wetu wote pale Kikuyu uliambiwa nimerudi kijijini Busi kwa mama yangu. Mama mwenyewe alikuwa ametoka kujifungua, hakuweza kuja. Alinipigia simu tu jioni, akalia kuliko kichanga chake.

Swaumu, niliyekaa naye dawati moja, alipita kila siku kununua maandazi. Dirisha langu lilitazama baraza.

"Shikamoo, mama. Evodia anarudi lini?"

"Marahaba. Bado yuko Busi, mwanangu."

"Mbona hata simu hapigi? Mwambie nimemkasirikia. Na rula yake ninayo."

Nilikuwa hapo hapo nyuma ya pazia, nimejiziba mdomo kwa kanga. Nilitamani kumwita, lakini niliogopa kumwaibisha shangazi aliyenilea. Nilisikiliza ndala za Swaumu mpaka zikapotea. Iliniuma sana kwamba alidhani nimemsahau.

Nilisali. Nilisali mpaka nikaishiwa maneno. "Mungu, unaniona kweli?" niliuliza, lakini nilisikia upepo tu kwenye bati. Nikaanza kuamini kwamba nitafia mle chumbani, na watu wataendelea kusema niko Busi.

Jumamosi moja zamu ya sala za jumuiya yetu ya kanisa ikafika nyumbani kwetu. Shangazi alikuwa ameshaikwepa mara kadhaa, lakini safari hii hakuwa na pa kuchomokea. Alitandika mikeka sebuleni, kisha akaja kwangu.

"Wakiingia, kaa kimya. Na usikohoe."

"Shangazi, kikohozi nacho kinasikia amri?"

"Evodia! Nakuomba." Nikaona kwamba na yeye anaogopa.

Wakaja. Mama Paulina, mwenyekiti wa jumuiya, nilimtambua kabla hajavuka kizingiti, maana sauti yake inaweza kuamsha mtaa mzima. Waliimba wimbo ambao mimi ndiye nilizoea kuuanzisha. Waliuanza chini mno, wakakwama, wakaanza upya. Machozi yalinitoka. Ilikuwa ngumu kusikia watu wote wale na kukaa peke yangu kitandani.

Ukafika wakati wa maombi.

"Tumwombee binti yetu Evodia aliyesafiri," alisema Mama Paulina. "Umlinde huko Busi aliko, kama tunavyokuomba kila wiki, umrudishe salama."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaitikia wote. Shangazi naye aliitikia.

Kumbe! Wananiombea, tena kila wiki, lakini maombi yote yanapelekwa Busi, na mimi niko hapa nyuma ya ukuta! Nikafungua mlango.

"Sijasafiri," nilisema. "Niko hapa. Naumwa kifua kikuu. Niombeeni hapa hapa."

Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Nilisubiri waanze kuondoka mmoja mmoja. Aliyenyanyuka ni Mama Paulina peke yake, akaja moja kwa moja kwangu, kisha akamgeukia shangazi.

"Anatumia dawa? Nesi anasemaje?"

"Anatumia. Nesi anasema haambukizi tena," shangazi alijibu huku akilia. "Niliogopa mtayaacha maandazi yangu."

"Violeth nawe! Kifua kikuu kinakaa kwenye andazi? Kinapita kwa hewa, na dawa zimeshakizuia. Ungetuambia, tungekuja hata kukukandia unga!"

Wakanikalisha katikati ya mkeka. Wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, wakasali, na mimi nikisikia kila neno. Kwa muda mrefu hakuna aliyenigusa isipokuwa nesi. Sikupona siku ile, kikohozi kiliendelea. Lakini ile hofu ya kufa peke yangu iliniachia, nikasikia amani ambayo nilikuwa nimeshaisahau.

Walipokuwa wakinywa chai nilimuuliza Mama Paulina, "Mbona Mungu hakunisikia siku zote zile?"

"Alikusikia, mwanangu. Yeye alijua uko chumbani. Tusiojua tulikuwa sisi, na sisi ndio anaotutuma tuje." Akamgeukia shangazi pia. "Msifiche ugonjwa, na mgonjwa msimfiche kabisa. Wewe Evodia, sali, meza dawa mpaka nesi aseme basi, na uwaambie watu ukweli. Ukisema ukweli, tutajua njia ya kukufikia."

Shangazi alinishika mkono. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Mkono wake ulinuka unga na mafuta, nikaushika kwa nguvu.

Jumatatu asubuhi nilikaa barazani, kando ya jiko. Swaumu alikuja, akasimama ghafla.

"Umerudi lini kutoka Busi?"

"Sikwenda. Nilikuwa ndani, naumwa."

Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni. Kisha akafungua begi, akatoa rula yangu.

"Natembea nayo kila siku," alisema, akakaa kando yangu.