Neno Moja Kwenye Fomu ya Mama

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Muhsina aliketi barazani na mama yake, nyumbani kwao Msambweni. Yeye alifanya kazi za shule, naye mama alidarizi kofia. Muhsina alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake, Mwanatumu, aliisoma Kurani vizuri sana, lakini hakuwahi kujifunza herufi za shuleni. Kwa hiyo kila karatasi iliyoingia nyumbani, Muhsina ndiye aliyeisoma.

Mwaka uliopita, mshipa wa mkono wa kushoto wa Mwanatumu uliziba kwa damu iliyoganda. Madaktari waliuzibua. Wakampa vidonge vya kuzuia damu isigande tena, wakamwambia asikose kupimwa kila mwezi. Mkono ulipona, ila vidole vilibaki baridi na ganzi, hata jua la Januari lilipokuwa kali. Kofia ilimponyoka, na sindano ilimchoma bila yeye kuhisi.

"Nenda Ukunda kwa Viola," jirani yao Shutu alimshauri. "Anatibu kwa dawa za Kichina. Miguu yangu ilikuwa baridi hivyo hivyo, na sasa nalala bila soksi."

Jumamosi mama na mwana walikwenda. Viola alikuwa mwanamke wa bara, mpole, aliyesomea tiba hiyo Uchina kwa miaka mitano. Mama alipokuwa bado nje akimlipa dereva, Muhsina alitangulia kuingia, akamkuta akizungumza na mzee mmoja.

"Mzee wangu, vidonge unavyomeza havipatani na mizizi yangu," alimwambia. "Vyote viwili hulegeza damu. Niletee kwanza barua ya daktari wako."

Mzee alitoka mikono mitupu. Muhsina alimtazama mpaka akapotea barabarani.

Zamu yao ilipofika, Viola alimpa Mwanatumu fomu. Mwanatumu aliona haya kusema kwamba hawezi kuisoma. Akampitishia binti yake. Muhsina akajaza jina, umri na mahali wanapoishi, kisha akafika kwenye swali la tano: Je, unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda?

Alilisoma mara mbili. Akamkumbuka yule mzee. Akavitazama vidole vya mama vilivyopauka, naye mama alikuwa akivisugua kwenye buibui. Akaandika: Hapana.

"Hapo wanauliza nini?" mama alinong'ona.

"Wanauliza kama kuna chakula kinachokudhuru."

"Waandikie hakuna."

"Nimeshaandika, mama."

Viola aliipitia fomu, akampima Mwanatumu mapigo ya damu kwenye vifundo vya mikono. "Haya yote ni kweli, mama?"

"Ni kweli," Mwanatumu alijibu bila wasiwasi. Wakarudi nyumbani na mfuko wa mizizi ya kuchemsha.

Baada ya siku kumi vidole vilianza kupata joto. Mwanatumu alimgusa Muhsina shavuni na kusema, "Hebu hisi, mwanangu." Akamaliza kofia iliyokuwa imelala kwa miezi miwili. Muhsina alijiona amefanya jambo la maana.

Kisha mama akaanza kutoka damu kwenye fizi alipopiga mswaki. Madoa meusi yakamtokea mapajani na mikononi. "Labda nimejigonga," alisema. Muhsina alijua hakuwa amejigonga. Mara mbili alifungua kinywa aseme, na mara zote mbili akaomba chumvi, au akauliza habari za Shutu. Mama alikuwa na furaha, naye hakutaka kuiondoa.

Ijumaa asubuhi Mwanatumu alitapika damu. Shutu alitafuta gari, wakamkimbiza hospitali. Daktari Ishak alipouliza alichokuwa akinywa, Mwanatumu alimweleza habari za mizizi. Muhsina alijificha nyuma ya Shutu.

Ili damu isimame, ilibidi madaktari wasimamishe vile vidonge. Damu ya tumboni ikakoma. Lakini mkononi, bila vidonge, damu iliganda upya. Walijaribu kila njia. Hata hivyo, vidole viwili vya mkono wa kushoto viligeuka vyeusi, na wiki iliyofuata vikakatwa.

Daktari Ishak alimwita Viola wodini. Viola alikuja na faili kwapani.

"Ulimpa mizizi mgonjwa anayemeza vidonge hivi bila kumuuliza?" daktari alisema kwa ukali.

"Nilimuuliza, daktari."

"Wallahi hakuniuliza," Mwanatumu alisema kutoka kitandani. "Ningemficha kwa nini?"

Viola alimtazama, akaanza kulifungua faili. Muhsina alisogea karibu na kitanda.

"Aliuliza, mama," alisema. "Lilikuwa swali la tano. Mimi ndiye niliyeandika hapana. Nilikudanganya kwamba wanauliza habari za chakula."

Mwanatumu aligeuza uso ukutani.

"Niwie radhi, daktari," Viola alisema, akilifunga faili. "Mimi pia nilipaswa kumuuliza kwa mdomo."

"Nami nilikulaumu mbele ya watu. Uniwie radhi," alijibu Daktari Ishak. Akamgeukia Muhsina. "Binti, sikatazi mtu kutafuta tiba mbili. Mimi na Viola tungeweza kumtibu mama yako pamoja, kama kila mmoja angejua anachofanya mwenzake. Dawa yangu ilikuwa nzuri. Yake pia ilikuwa nzuri. Zilimdhuru kwa sababu zilikutana mwilini mwake bila sisi kujua. Anayemficha tabibu ukweli anamfunga macho."

Siku hiyo walikubaliana. Vidonge vilirudishwa kwa kipimo kidogo, na mizizi ikaachwa kabisa. Kila Jumamosi Viola alikuja kumkanda mkono kwa maji ya uvuguvugu, naye daktari aliandikiwa kila kilichofanyika. Vidole vitatu vilivyobaki vilianza kupata joto. Lakini kofia haikushikika tena, na Mwanatumu alimpa Shutu nyuzi zake zote.

Jioni moja alimwita Muhsina karibu.

"Najua ulitaka nipone," alisema. "Lakini nilikuwa nimekaa ubavuni pako. Ungenisomea ukweli, ningengoja barua ya daktari. Zingekuwa siku ngapi, Muhsina? Mbili? Tatu?"

Muhsina alilia.

"Mimi nilikuamini kuliko macho yangu. Usije ukamsomea mtu kinyume cha kilichoandikwa, hata kama unampenda. Mwili wangu ni wangu, na uamuzi ulikuwa wangu." Akatoa karatasi chini ya mto. "Nimekusamehe, mwanangu. Ila karatasi hii ya hospitali mpelekee Shutu anisomee, mpaka moyo wangu utulie."

"Naam, mama," Muhsina alijibu. Akaichukua karatasi, akavaa viatu, akaenda kwa Shutu.