Nambari Kubwa na Sauti ya Papa

Kila Jumamosi, baada ya kufagia uwanja na kumwogesha mdogo wake, Plamedie alipanda mtumbwi kutoka mtaa wao wa Lubunga, akavuka mto hadi Makiso, katikati ya mji. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mdomo mwepesi na vidole vyepesi zaidi. Kitufe chochote alichokiona lazima akibonyeze. Ndiyo maana alipenda kwenda kwa Tonton Liévin, mdogo wa baba yake, aliyekuwa na chumba cha intaneti nyuma ya maduka ya jumla. Huko alikuwa akifundishwa kompyuta.

Baba yake, Papa Edouard, alikuwa Kinshasa. Alishuka na boti kununua bidhaa, vita vikaufunga mto nyuma yake, na simu nazo zikakatika. Kitindamimba wao, Carlos, alizaliwa baba akiwa hukohuko. Basi mtoto huyo, aliyekuwa ameanza kusema, alimwita "papa" kila mwanamume aliyemwona mtumbwini. Abiria walicheka, na Mama Annette alicheka nao, ingawa moyoni aliumia.

Wiki hiyo nyumba nzima ilikuwa na furaha. Barua pepe ilikuwa imefika: Jumamosi saa tisa Papa Edouard angeazimwa kompyuta ya rafiki yake, wazungumze kwa sauti. Rafiki huyo alikuwa akihama kesho yake pamoja na kompyuta yake, kwa hiyo nafasi ilikuwa hiyo moja tu.

Asubuhi ya siku yenyewe Tonton alitoka kutafuta mafuta ya jenereta. Plamedie akafungua programu ambayo kazi yake ni kuingiza na kuondoa programu nyingine. Tonton aliiita msimamizi. Humo, kwenye mstari wa programu ya kuongea, aliona matoleo mawili. Toleo 3.2 lilikuwa tayari kwenye mashine. Jingine liliandikwa 4.0, na kando yake neno dogo: bêta.

Plamedie alikulia katikati ya wafanyabiashara. Dukani kwa shangazi yake, Mbambu, wateja waliingia na swali moja tu: "Arrivage mupya iko?" Kitenge cha mzigo mpya kiligombaniwa, cha mzigo wa zamani kililala rafuni. Kwa Plamedie basi, jambo lilikuwa wazi kama mchana: nne imezidi tatu, na Papa anastahili mzigo mpya. Lile neno dogo hakulijali. Akabonyeza. Toleo 3.2 likatoka, 4.0 likaingia, naye akajiona fundi.

Mchana Mama Annette alifika na Carlos mgongoni, kikapu chake cha ushonaji mkononi, nywele zimesukwa upya kana kwamba mume wake angemwona. Tonton akafungua programu ya kuongea. Ikafunguka, ikajifunga. Akaifungua tena, ikaganda.

"Ah! Antenne ile!" alisema Tonton. "Upepo wa jana umeigeuza." Akapanda juu ya paa.

Plamedie alijua kwamba si upepo. Akaketi harakaharaka na kujaribu kurudisha 3.2 kimyakimya, lakini msimamizi akakataa: toleo jipya zaidi tayari lipo. Akajaribu tena, jibu likawa lilelile. Juu ya paa Tonton aligeuza antena huku na huku, jasho likimtiririka. Saa tisa ilikuwa inakaribia.

"Haiko kitu," Mama alisema polepole, akimpapasa Carlos kichwani. "Tutaongea siku ingine." Lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Plamedie alitamani ardhi ipasuke immeze. Akapiga moyo konde, akatoka nje, akaita kwa nguvu: "Tonton, shuka! Antenne iko muzuri. Ni mie niliharibu!"

Akaeleza yote. Tonton akashuka, akatazama kioo cha kompyuta, akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Bêta! Plamedie, hii haiyaisha kutengenezwa! Wenye kuitengeneza wanaitoa mbele ili watu wajaribu, waseme makosa iko wapi. Namba iko kubwa, bon, lakini kazi haiyakwisha."

Mama Annette akafungua kikapu na kutoa gauni la bibi harusi lililoshikizwa kwa uzi wa muda tu. "Donc iko kama robe ya kujaribu," alisema. "Iko mupya, ndiyo. Lakini bibi akiivaa ku messe, mikono itaanguka mbele ya padri!"

Tonton akacheka hadi akashika mbavu. "Na msimamizi anaangalia namba tu. Akiona nne, anakataa kurudi ku tatu. Lazima kutoa ile bêta kwanza. Kaa hapa. Wewe uliharibu, wewe utatengeneza."

Plamedie aliketi. Safari hii alisoma kila neno kwa sauti kabla ya kubonyeza. Akaondoa 4.0. Akachagua 3.2. Akasubiri, roho juu. Programu ikafunguka, ikatulia.

"Allô? Annette? Munanisikia?" Ilikuwa sauti ya Papa Edouard, saa tisa kamili.

Mama alishika meza kwa mikono miwili. Alicheka, akalia, akacheka tena. Carlos alikitazama kile kisanduku chenye sauti. Papa Edouard akaita, "Carlos! Mutoto yangu!" Mtoto akazunguka nyuma ya kompyuta kumtafuta. "Papa?" Huko Kinshasa kikasikika kicheko kilichokatika katikati, kisha mtu akipenga kamasi. Wateja wote chumbani wakapiga makofi.

Jioni Tonton aliwasindikiza hadi mtoni. "Plamedie," alisema, "ya mupya haiko kila siku ya muzuri. Soma yote mbele ya kubonyeza. Lakini sikia: kosa lako tuliliondoa mbio kwa sababu ulilisema. Kama ungenyamaza, mie ningekuwa juu ya paa mpaka sasa, na papa yako angesubiri bure."

"Ndiyo, Tonton. Nitasoma, na nitasema."

Mtumbwini, mzee mmoja mwenye kofia alimchekea Carlos, akingoja kuitwa kama kawaida. Carlos akatikisa kichwa.

"Hapana. Papa iko ndani ya mashini."

Abiria wote wakaangua kicheko. Mama Annette naye alicheka, na mara hii hakuna kilichomuuma.